Maiki ya Wifi Mwamvita

Mtendaji wetu wa kijiji, Abeid, alisimama mbele ya mkutano akasema kuanzia sasa maiki zisizo na waya ni marufuku hapa Chole, na Bi Mwamvita aipeleke ya kwake ofisini kabla ya Ijumaa. Alisema hivyo macho yake yako kwenye viatu vyake. Mimi nilikuwa nimekaa mkeka mmoja na huyo Bi Mwamvita, wifi yangu, nikamwona anafungua mkoba, anatoa hiyo hiyo maiki, anaiwasha. Spika yake ya kubeba nilikuwa nimeipakata. Wifi akaisogeza maiki mdomoni nusura aimeze.

"Abeid mwanangu," akasema, na spika ikasema naye mapajani kwangu, "hili ndilo koo langu. Ukilitaka, njoo uling'oe."

Weee! Vigelegele vilipigwa, wazee wakacheka mpaka wakashika magoti. Abeid akajifanya anakohoa, akarudia kwamba agizo ni agizo na mkutano umefungwa. Wifi hakusogea pale mkekani mpaka watu wote walipoondoka.

Usiyemjua utasema ana kiburi. Anacho, tena cha kutosha kijiji kizima, na mimi Salama, ambaye kaka yangu Hashiru ndiye aliyemwoa, nakwambia bila haya kwamba kiburi hicho ndicho kilichomweka mjini. Aliolewa kwanza kijiji cha Janga, kwa bwana mmoja mwenye mashamba ya mihogo. Bwana yule akamwambia mke wake haimbi kwenye nyua za watu. Wifi akamaliza kupika, akampakulia, akakusanya nguo zake, akarudi Chole kwao. Kaka yangu alipokuja kuposa aliulizwa swali moja tu, kama anapenda ngoma. Akajibu anapenda, na mpaka leo hana ruhusa ya kubadili jibu.

Maana wifi ni manju. Kwetu manju ndiye anayeanzisha nyimbo mwali anapochezwa unyago, na bila manju wanawake mnabaki kutazamana kama mliofika msibani siyo siku yake. Ujanani mwake alikuwa akianza wimbo huku juu, ng'ambo ya bonde watu wanaweka majembe chini. Sijaongeza chumvi. Mabibi harusi wa Mlandizi walikuwa wanaahirisha shughuli kumsubiri.

Kisha likaja rovu shingoni. Lilianza dogo, yeye akalifunika kwa mtandio, akasema ni mafuta. Lilipoanza kumkaba usingizini ndipo alipokubali kupelekwa hospitali kubwa. Waganga wakamwambia mapema kabisa, kabla hawajamgusa, kwamba limeshakandamiza mshipa wa sauti na kilichopo sasa ni kuokoa pumzi. Wakaiokoa, Mungu awalipe. Alipozinduka akaniita na sikusikia kitu, nikadhani anatafuta maji. Kumbe ndiyo sauti yote iliyobaki, mnong'ono.

Nilimchukia kila mtu wakati ule. Walikuja watu kumpa pole, wanasema mshukuru Mungu mdomo wa kula unao. Akawa hatoki. Shughulini akialikwa manju mwingine, wifi anakaa nyuma kabisa, anasogeza midomo tu, na mimi namwangalia nashindwa kula hata pilau. Ndipo wanawake wa Chole tukachanga tukamletea maiki isiyo na waya na spika ya betri. Alivyoiona akanuna. Akasema yeye siyo mpiga debe wa stendi. Jioni yake nikasikia uani mtu ananong'ona wimbo, na ukuta mzima unanong'ona naye. Sauti ile siyo ya zamani. Ni nzito, ina mikwaruzo, inakuingia hadi kwenye mbavu, na mimi naipenda kuliko ya kwanza ingawa yeye hataki kusikia hivyo.

Huo ndio mkataba wake na dunia. Akiwa na maiki, manju. Akinyang'anywa, bibi kizee anayesogeza midomo. Na Abeid alijua vizuri kwamba Jumamosi ya wiki ile Siwema, mjukuu wetu wa kwanza, alikuwa mwali anatolewa ndani.

Sasa ugomvi ulitoka wapi? Ulitoka angani, nikisema hivyo watu wananicheka. Kuna mradi wa intaneti, ofisi yao iko Kibaha, ulikuja kusimika mnara karibu na shule ya sekondari, juu kwenye kilima. Aliyekuja kutueleza ni binti mhandisi anaitwa Elinipa, mtoto wa milimani huko, anakaa Tumbi. Alieleza tukaelewa. Akasema angani kuna njia za televisheni, na huku kwetu nyingi zimelala tupu, hakuna anayezitumia. Kisanduku chao cha pale mnarani kinapita humo humo. Ila hakisemi hovyo. Kinatega sikio kwanza. Kikisikia mwenye njia anasema, au hata maiki ya shughuli, kinanyamaza, kinahamia njia nyingine. Kikisikia kimya, kinarudi.

"Kina adabu kuliko wanaume wa hapa," wifi alisema siku hiyo, na Elinipa akacheka kwa sauti.

Kisanduku kingine kikawekwa zahanati, bondeni, ili kizungumze na kile cha mnarani. Tulifurahi, nisiseme uongo. Mtandao wa simu huku kwetu ni wa kubahatisha, na tabibu wetu Evance akawa anapiga picha ya kidonda anawatumia wakubwa zake wanamwelekeza papo hapo. Halafu ikaanza, kila Jumamosi yenye mwali, zahanati mtandao unakufa. Evance akalalamika, na alikuwa na haki ya kulalamika, mtu ana wagonjwa mbele yake. Na sisi huku spika ikawa inatoa mvumo wa ajabu, shaaa, katikati ya wimbo, mpaka mwali anashtuka. Wakatafuta mchawi. Mchawi akawa wifi yangu.

Jumatano tukaenda Kibaha. Kutoka Chole kwenda Kibaha ni safari ya kuzungukazunguka, tukafika Maili Moja vumbi limetupaka poda. Wifi hakutaka hata kunywa maji kwanza. Ofisi ni ya vioo, ina baridi, na bosi wao anaitwa Anselmi, mtu mpole, mpole kupita kiasi. Alitupa soda. Akasema anatuelewa sana. Akasema mila ni nzuri, ila maendeleo nayo yanahitaji nafasi, na vijana wake walikwenda kupima kwenye shughuli moja huko kwetu wakaona maiki ya mama ni ya bei rahisi, inachafua njia. Basi mradi utampa maiki nyingine nzuri, ya waya, na spika kubwa ya kukaa uani.

Wifi akawasha maiki yake pale pale kwenye meza ya watu.

"Ya waya," akasema. "Waya wa kutoka uani kwangu mpaka mkoleni utaushona wewe?"

Elinipa alikuwa amekaa pembeni na kompyuta yake. Akauliza kwa adabu, "Shikamoo mama. Samahani. Mkoleni ni wapi?"

"Marahaba. Bondeni, nyuma ya zahanati. Kwenye mti."

"Mnakwenda wakati gani?"

"Tukishamaliza kucheza uani tunateremka na mwali, wanawake watupu. Na mimi, na maiki, na huyu wifi yangu na spika kichwani."

Binti akamgeukia bosi wake. "Vijana waliandika kwamba mtandao ulikatika baada ya ngoma kwisha. Wakati ngoma inapigwa kisanduku kilihama vizuri kabisa. Ndiyo maana tukasema maiki ni mbovu, inachafua njia hata ngoma ikishakwisha."

"Haikwisha!" nikaingilia mimi, maana nilishachoka kunyamaza. "Iliondoka! Vijana wako ni wanaume, wangebakije? Waliona wanawake wanateremka, wakafunga virago wakaenda kula."

Elinipa akafunga kompyuta taratibu. Anselmi akatabasamu, akasema suala hili limeshafikishwa kwa uongozi wa kijiji na yeye hawezi kulifumua. Akatuongezea soda. Mimi ile ya pili niliiacha mezani makusudi, imefunguliwa, iishe gesi. Tulipofika mlangoni wifi akamwambia Elinipa, "Jumamosi. Ukija njoo na kanga." Binti akamtupia bosi wake jicho, akaikumbatia kompyuta yake.

Ijumaa ikafika. Abeid alituma mtu asubuhi, wifi akasema analala. Akatuma tena mchana, wifi akasema bado analala, na alisema hayo akiwa amesimama anatwanga. Kaka yangu Hashiru akaanza, mke wangu, serikali ni serikali, kwani wimbo si unaweza kuanzishwa na mtu mwingine? Loo! Sitasema alijibiwa nini. Alikwenda kulala kwa rafiki yake.

Jumamosi Abeid akaja mwenyewe na mgambo wawili. Ua umejaa, Siwema yuko ndani anapambwa, ngoma imeshapamba moto. Wifi alimwona, akaja mpaka mbele yake, maiki mdomoni, anaimba huku anamtazama machoni. Kila Abeid akinyoosha mkono, wanawake wanaingia katikati wanacheza. Umewahi kumkamata mtu anayecheza katikati ya wanawake mia wanaocheza? Mgambo mmoja mama yake mzazi alikuwemo humo humo ndani ya mduara. Akamkata jicho moja tu, kijana akaenda kukaa kwenye kivuli.

Tulikuwa tumeshamtoa Siwema, amefunikwa gubigubi, tunaanza kuteremka, ndipo gari la mradi lilipoingia. Elinipa akashuka peke yake, mkononi ana kifaa chenye kioo na antena. Nikamwona ana kanga kiunoni, ameifunga vibaya, imepinda kama amefungwa na adui. Nilicheka huku machozi yananitoka. Tulipofika kwenye mpaka ambao mwanamume havuki, Abeid na mgambo wake aliyebaki wakasimama. Wanawake wakamgeukia Elinipa.

"Umechezwa wewe?" bibi mmoja akamuuliza.

"Kwetu hatuchezwi, bibi."

"Masikini. Vua viatu, usipige picha, na utakachosikia kikae tumboni."

"Sawa, bibi."

Akapita. Yaliyo mkoleni siyaandiki, wala usiniulize. Nakwambia tu kwamba ipo saa ambayo mwali anasimama na mti, na manju anamwimbia peke yake wimbo wa kuingizwa utu uzima, na wenzake wote wananyamaza kumsubiri. Wimbo huo hauanzwi na mtu mwingine. Ukikatika, mwali anakaa na neno hilo maisha yake yote, kwamba wa kwake ulikatika. Wifi akafumba macho, akaanza.

Na spika kichwani kwangu ikafanya shaaa.

Nilitamani kuitupa. Wifi akanyamaza, akaanza upya. Shaaa. Siwema chini ya kanga mabega yakaanza kutetemeka. Kwa mbali, nyuma ya miti, nikamsikia Evance anafoka mlangoni pa zahanati kwamba mtandao umekufa tena. Elinipa alikuwa amepiga magoti, anakodolea kioo chake, kisha akasimama akaja mbio na miguu yake mitupu kwenye miiba.

"Mama, nimeona," akasema. "Kosa ni letu. Mnara uko juu ya kilima, mkiwa uani unawasikia, unahama. Mkiteremka huku, kilima na miti vinawakinga, hausikii kitu. Unadhani mmeondoka, unarudi kwenye njia yenu. Zahanati iko hapa katikati, inapigiwa kelele na wote wawili. Haielewi lolote."

"Kwa hiyo?" wifi akanong'ona.

"Nitarekebisha. Wiki ijayo. Sasa hivi naomba uzime kidogo tu, nizungumze na ofisi."

Wifi akamtazama. Namjua, nikajua kinachokuja, nikashika spika kwa mikono miwili.

"Mimi ndiye niliyekutwa nasema," akasema, kwenye maiki, mvumo na wote, kila mwanamke akasikia. "Chombo chako ndicho nilichosema kina adabu. Zima wewe."

"Nikizima mnara, mama, zahanati inabaki gizani."

"Basi kihamishe."

Elinipa akakimbilia juu ya kichuguu kutafuta mtandao wa simu. Akampigia Anselmi. Sikusikia ya upande wa pili, lakini ya kwake nilisikia yote. "Ndiyo bosi, natoka kuona kwa macho yangu... Hapana, siyo mbovu... Najua ile ndiyo njia nzuri zaidi... Hapana, bosi, siwezi kumwambia azime... Nimeshamwambia." Akasikiliza muda mrefu. Akasema, "Bosi, hapa kuna mtoto amesimama." Halafu akaishusha simu, sijui kama alikata yeye au ilikata yenyewe, na akaanza kubofya kioo chake, anauhamishia mnara njia nyingine mwenyewe.

Mvumo ukakatika.

Wifi hakungoja kuambiwa. Akanong'ona mstari wa kwanza, na ukatoka safi, mzito, ukajaa bonde lote. Mahali pa kuitikia palipofika, kabla hatujafungua midomo sisi, tukasikia tunaitikiwa kutoka nyuma ya miti. Walikuwa wanawake wa kliniki, wamepanga foleni zahanati na watoto mgongoni, wanaujua wimbo kama sisi. Nililia. Nalia hata sasa nikikusimulia, na ukinicheka shauri yako. Siwema akainua kichwa, na wifi akauimba mpaka mwisho bila kukatwa.

Tulipopanda kurudi, Abeid alikuwa bado pale mpakani, jua limemla, mkono ameshaunyoosha kuipokea maiki. Elinipa alimtangulia. Akamwambia mbele ya wanawake wote kwamba maiki haina kosa, kwamba walipima mahali pasipo na tatizo wakaacha penye tatizo. Akasema atakifanya kisanduku cha zahanati nacho kitege sikio, kila kisichosikika juu kisikike chini, viambiane, ndipo mnara uamue kuhama. Na kwamba zahanati hivi sasa mtandao upo, akamwulize tabibu. Na sauti ikampungua kidogo aliposema huenda Jumatatu akaitwa kujieleza, na atajieleza.

Evance mwenyewe akatokea kwenye njia ya zahanati, akapunga mkono, akapaza sauti, "Upo! Hata haukatiki!"

Abeid akabaki na mkono wake hewani. Ningekuwa mimi ningemtukana, wallahi, maneno nilikuwa nayo tayari mdomoni. Wifi akamwendea taratibu mpaka wakakaribiana.

"Shikamoo, bi mkubwa," Abeid akasema.

"Marahaba. Wifi yangu huyu amechoka, kabeba tangu asubuhi."

Akanigeukia, akanitua spika kichwani, akaiweka mikononi mwa mtendaji. Abeid akatazama kulia, akatazama kushoto. Njia nzima wanawake wamesimama, hakuna anayecheka, hakuna anayesogea. Akainama, akaipandisha begani.

"Iweke sawa, isielekee chini," wifi akamwambia. Kisha akaanza wimbo wa kurudi, ambao hata wanaume wanaruhusiwa kuuitikia, akatangulia, na Abeid akamfuata kilima kizima, sauti ya yule mama ikimtoka begani.